Kukana Deni na Kudai Hesabu

Dawa ya deni kulipa, walisema wahenga. Na mwungwana huona haya kuulizia hesabu, asije akadhaniwa anakana. Haya hiyo imekuwa mtaji wa watu.

Huko Marekani, benki iliyochoka kudai huyauza madeni makuukuu kwa makampuni ya kukusanya madeni. Tume ya Shirikisho ya Biashara ilieleza mwaka 2013 kwamba wanunuzi iliowachunguza walilipa wastani wa senti 4 kwa kila dola 1 ya deni (bei ya embe bovu), na hati walizokabidhiwa zilikuwa chache mno. Mnunuzi huyo ndiye amwandikiaye mdaiwa kudai jumla nzima, pamoja na riba na ada zilizorundikwa juu yake.

Sheria ya huko ya mwaka 1977 humpa mdaiwa siku 30 za kupinga kwa maandishi. Akipinga, mkusanyaji hana budi kusita hadi alete uthibitisho. Anayetoa kidogo ili apumzike hujiponza: katika majimbo mengi, malipo hayo huweza kulifufua deni lililokwisha kupitwa na muda wa kushtakiwa.

Basi aliyekopa kweli ana haki ya kupinga? Anayo. Aliahidi kurudisha alichokichukua. Hakuahidi kuamini kila tarakimu atakayoletewa na mgeni. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, yahusu kuandikiana deni. Na humo anayemtajia mwandishi maneno ya kuandika ni mdaiwa, si mdai.