Samweli Aliitika, Ila Alikimbilia kwa Eli



Kwetu Nambis, kule Mbulu, kuna asubuhi za baridi ukungu unashuka mpaka zizi lenyewe hulioni. Ndama akipotea unamtafuta kwa masikio. Mdogo wangu sikio lake la kushoto liliwahi kutoka usaha, likafa kabisa. Tukiwa machungani namwita, "Njoo huku!" Anasimama, anageuka, halafu anakimbilia upande mwingine kabisa. Nikamwita mkaidi. Siku moja nikamchapa.

Miaka mingi baadaye ndiyo nikasoma jinsi ubongo unavyojua sauti inatoka wapi. Kumbe sikio lenyewe halijui upande! Ukiguswa bega, ngozi inajua ni bega. Ila ndani ya sikio kilichopangwa ni unene na wembamba wa sauti tu. Upande, ubongo lazima uukokotoe.

Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ikitoka kulia kwako, inachelewa kufika sikio la kushoto, lakini ucheleweshaji huo haufiki hata elfu moja ya sekunde. Kwenye shina la ubongo kuna seli za neva zinazopokea habari za masikio yote mawili na kuzilinganisha. Mwaka 1948 Mmarekani Lloyd Jeffress alipendekeza kwamba seli hizo husisimka zaidi habari za pande mbili zinapozifikia kwa pamoja. Kwa mamalia mambo yameonekana kuwa magumu kuliko hapo. Kwa sauti nyembamba, kwa mfano, kichwa chenyewe kinakinga, sikio la mbali linasikia kwa unyonge. Basi habari ya sikio la karibu inaichochea seli, ya sikio la mbali inaizuia. (Hapo kwenye kuzuia napapenda sana. Ubongo unajua upande kwa sababu kuna anayesema "subiri kwanza".)

Mwenye sikio moja anasikia jina lake vizuri tu. Seli zake ndizo hazina cha kulinganisha.

Sasa fungua Samweli wa Kwanza, sura ya 3. Kijana anaitwa usiku, anaruka kitandani, anakimbia kwa kuhani Eli. Mara tatu! Kila mara aliitika, kila mara alikosea mahali. Mungu hakumkemea, alimwita tena. Na yule mzee aliyeamshwa usingizini hakumchapa. Alimrudisha akalale, akamfundisha la kujibu.

Je, anayeitika akaenda pasipo, ana kosa? Katekisimu namba 1860 inafundisha kwamba kutojua bila kukusudia kunaweza kupunguza lawama, hata kuiondoa. Nilifurahi kwa ajili ya mdogo wangu. Halafu nikakutana na namba 1791: kuna kutojua kwingine ambako mtu ana hatia, kwa sababu hakujishughulisha kutafuta ukweli. Hiyo ilikuwa yangu. Usaha niliuona kwa macho yangu, na sikuwahi kumuuliza kwa nini anageukia kule. Nilipeleka jambo hilo kwenye kitubio, lakini padre akaniambia bado kuna mtu wa kumwendea.

Nikamwendea. Alicheka kwanza, halafu akanyamaza kidogo.

"Kaka, sauti yako nilikuwa naisikia," akasema. "Ila 'huku' ni wapi? Ukiniita, taja kitu."

Siku hizi nikimwita nasema: njoo kwenye mti, njoo kisimani, njoo mlangoni.