Alama 494 na Haki ya Kubisha Mlango

Mtihani wa MCAT una matokeo 57 tu. Alama ya chini kabisa ni 472, ya juu kabisa ni 528, na kipimo chenyewe kiliundwa ili 500 iwe katikati. Anayetaka kusomea udaktari Marekani huketi mbele ya kompyuta kwa karibu saa saba na nusu, mapumziko yakihesabiwa, akajibu maswali 230, kisha akarudi nyumbani kungoja aambiwe yeye ni namba gani kati ya hizo 57. Ukipata 515, nyumbani kunapikwa pilau. Ukipata 494, unaanza kusoma habari za shule za osteopathia.

Neno hilo halina wenyeji wengi hapa kwetu, kwa hivyo wacha nilieleze. Marekani ina shahada mbili zinazomfanya mtu kuwa daktari kamili: MD, ambayo sote tunaijua, na DO, ya osteopathia. Wote wawili wanaandika dawa, wanapasua watu, wanafanya kazi katika majimbo yote 50. Tofauti ni kwamba wa DO hufundishwa pia, kwa takriban saa 200, kutumia mikono yake kupima na kutibu mifupa, misuli na viungo. Usimchanganye na osteopathi wa Uingereza, ambaye si daktari wa namna hiyo. Sean Conley, aliyemtibu Donald Trump alipougua korona mwaka 2020, ni DO. Kevin O'Connor, aliyekuwa daktari wa Joe Biden ikulu, pia ni DO.

Lakini kuna jambo moja ambalo kila mwombaji analijua. Wanaoingia shule za MD wana wastani wa MCAT wa kama 511. Wanaoingia shule za DO, kama 504. Ndiyo maana shule hizi zimepewa jina la mlango wa nyuma, na wanaoelekea huko wakiwa na alama za chini huulizwa maswali mawili. La kwanza: kwani mtihani si umeshakwambia? La pili ni zito zaidi: unaipenda osteopathia kweli, au umeipenda baada ya kukataliwa kwingine?

Nimekaa na maswali hayo miezi kadhaa sasa, na yameniganda kwa sababu za kazi. Mimi huishi kwa kunyoosha sentensi za watu. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, na tangu hapo nahariri barua, wasifu, na zile insha ambazo waombaji wa vyuo vya ng'ambo huandika kujieleza. Kwa hivyo sina uso wa hakimu asiye na upande. Mtu akiniambia kwamba karatasi ndiyo inayojua thamani ya mtu, nakunja ndita kabla hajamaliza. Ndiyo maana nimejilazimisha kumsikiliza.

Tuanze na mtihani wenyewe. Ulizaliwa mwaka 1928, wakati shule za udaktari za Marekani zilikuwa zinapoteza wanafunzi vibaya sana. Kuna shule ambazo nusu ya walioingia hawakumaliza. Walitaka njia ya kujua mapema nani ataanguka. Kwa hivyo swali la MCAT tangu mwanzo lilikuwa: je, huyu ataweza masomo? Halikuwa: je, huyu atamshika mkono mgonjwa saa nane za usiku? Hayo ni maswali mawili, na jibu la moja haliwezi kugeuzwa kuwa jibu la lingine. Kwa swali lake lenyewe, mtihani haudanganyi. Wenye alama za juu, kwa jumla, hupita mitihani ya baadaye kwa urahisi zaidi. Wenye alama za katikati pia, wengi wao, humaliza. Na wenye mtihani wenyewe huambatanisha na kila alama ya jumla nafasi ya makosa ya alama mbili juu na mbili chini. Aliyepata 498 na aliyepata 501 huenda wako sawa kabisa.

Sisi tuliokulia chini ya KCSE tunaelewa hili bila kuchorewa. Tumeona alama moja ikimpeleka mtu kwenye uhandisi na jirani yake kwenye kozi ambayo hata hawezi kumweleza nyanya yake ni ya nini.

Lakini hebu tusijipendelee. Hoja ya wanaotaka namba iheshimiwe si ya kijinga. Wanasema hivi: mlaze mama yako kwenye meza ya upasuaji, halafu uniambie kama unataka daktari aliyepata 494. Wakati huo hutauliza kuhusu ndoto yake wala utoto wake mgumu. Udaktari si zawadi ya kumfariji anayeutamani. Ni kazi inayofanywa juu ya mwili wa mtu mwingine, na mtu huyo mwingine hakualikwa kwenye kikao cha kuchagua wanafunzi.

Hoja hiyo naiheshimu. Nafikiri, hata hivyo, inamlinda mgonjwa kwenye mlango usio wake. Kati ya MCAT na meza ya upasuaji kuna miaka minne ya shule, kuna mtihani wa leseni wa DO uitwao COMLEX wenye ngazi tatu, na kuna mafunzo ya hospitalini ambayo kwa kawaida ni miaka mitatu au zaidi. Mama yako hatibiwi na 494. Anatibiwa na mtu aliyeanza na 494 kisha akapita vizingiti vyote alivyopita yule wa 515. Mwaka 2023 jarida la Annals of Internal Medicine lilichapisha utafiti uliolinganisha wagonjwa wazee waliotibiwa hospitalini na MD na wale waliotibiwa na DO. Waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 9.4 kwa upande mmoja na 9.5 kwa upande mwingine. Hiyo haithibitishi kwamba MCAT haina maana, manake waliohesabiwa ni wale waliofika mwisho tu. Inaonyesha kwamba mwisho wa njia unalindwa, hata kama mwanzo wake ni mpana kidogo.

Tena historia inatuonya kuhusu kubana mwanzo kupita kiasi. Mwaka 1910 Abraham Flexner alitoa ripoti iliyozikosoa vikali shule za udaktari za Marekani, zile za osteopathia zikiwemo. Nyingi zilistahili, zilikuwa zinauza vyeti. Viwango vilipanda, na wagonjwa wakafaidika. Lakini wakati huo kulikuwa na shule saba za udaktari za Wamarekani weusi, na baada ya wimbi hilo zilibaki mbili, Howard na Meharry. Jamii nzima zikabaki bila watu wao wa kuwatibu kwa miongo mingi. Kiwango kinaweza kuwa cha haki kwenye karatasi na bado kimwache mtu afe kijijini kwa kukosa daktari wa aina yoyote. Nani alimuuliza huyo anataka daktari wa alama ngapi?

Kwa hivyo kama mgonjwa amelindwa, hatari inamwangukia nani? Inamwangukia mwombaji mwenyewe, na hapa ndipo nilipobadilisha mwelekeo wa makala haya. Shule nyingi za DO ni za binafsi, na nyingi hutoza zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka bila kuhesabu kodi ya nyumba na chakula. Mwanafunzi anayefukuzwa mwaka wa pili kwa kufeli anaondoka bila shahada, ila deni analo. Shule inayompokea mtu ambaye takwimu zake zenyewe zinaonyesha ataanguka, bila kumwekea walimu wa ziada, bila kumwambia ukweli, haijamhurumia. Imemuuzia tiketi. Tumeyaona haya nyumbani, kozi zinazofunguliwa kwa yeyote mwenye chapaa, halafu mwishoni unaambiwa shahada yako haitambuliwi na bodi ya taaluma. Nafasi ya pili ni kitu kizuri, lakini anayeitoa kwa bei ana wajibu mkubwa kuliko anayeipokea. Maswali ya maadili tunamrushia mwombaji kila siku: una uhakika unaweza? Shule haiulizwi hivyo na mtu yeyote.

Sasa lile swali la pili.

Kuna dada mmoja Mkenya aliyehamia Marekani akiwa mdogo, anafanya kazi ya kuwahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Alinitumia insha yake ninyooshe. Alikuwa amefanya MCAT mara mbili. Mara ya pili ndiyo ilikuwa afadhali, 494. Insha ilikuwa nzuri mpaka ilipofika sehemu ya kwa nini osteopathia. Hapo kulikuwa na maneno ya brosha: mtu mzima, mwili, akili na roho.

Nikamwandikia, "Dada, hapa sisikii sauti yako."

Akajibu, "Mdogo wangu, kila mtu huandika hivyo. Si unitungie tu kitu kizuri?"

Nikamwambia kazi yangu ni kunyoosha, kutunga siwezi. Halafu nikamuuliza kama anaamini mambo hayo. Alikaa kimya siku nzima. Usiku akatuma ujumbe wa sauti. Alisema kuna mambo ya osteopathia ambayo haamini, kwa mfano ile ya kubonyeza mifupa ya kichwa, na kwamba amesoma kuwa hata ushahidi wake ni hafifu. Lakini alisema kwa miaka sita amekuwa akiwageuza wazee kitandani, na anajua kwa vidole vyake mgongo wa mtu anayeumia na hasemi. "Madaktari huingia wakasoma kompyuta wakatoka. Nataka shule ambayo haitanicheka nikisema nimemgusa mgonjwa nikajua. Lakini pia, tuseme ukweli, zile zingine hazinitaki."

Nilidhani sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ya kumwangusha. Nimeifikiria tena, na sioni dhambi yake. Wengi wetu tuliingia kazi, mitaa, hata mapenzi, kwa sababu mlango wa kwanza ulifungwa. Heshima haitegemei kwamba ulikuja hapa kwanza. Inategemea kama, sasa umefika, unakitazama hiki kwa macho yake au unaendelea kuchungulia dirishani kwa jirani. Ubaya ni kuchukua kiti cha watu unaowadharau. Anayesema "nilikuja kwenu wa pili, lakini nimewasoma, na hiki ninakiamini na kile sikiamini" hajamdanganya mtu. Aliyeandika "mwili, akili na roho" bila kuamini hata moja ndiye mdanganyifu, hata akiwa na 528.

Osteopathia yenyewe ni mtoto wa mlango uliofungwa. Andrew Taylor Still alipoteza watoto watatu kwa homa ya uti wa mgongo mwaka 1864, na dawa za enzi yake hazikuweza lolote. Alitangaza njia yake mwaka 1874, akapuuzwa, na mwaka 1892 akafungua shule Kirksville, Missouri, iliyopokea wanawake tangu darasa la kwanza. Mengi aliyoyadai hayakusimama. Wanafunzi wake wa leo wanaandika dawa ambazo yeye alizikataa. Lakini shule ipo.

Kama bado unadhani herufi baada ya jina zinabeba ukweli wote, nenda California mwaka 1962. Jimbo lilitaka kuifuta osteopathia, kwa hivyo zaidi ya madaktari DO 2,000 waliruhusiwa kulipa dola 65, wakahudhuria semina fupi, wakawa MD. Jumatatu wa daraja la pili, Ijumaa wa daraja la kwanza, mikono ileile, wagonjwa walewale. Mwaka 1974 mahakama ya juu ya jimbo hilo ikarudisha leseni za DO.

Je, ana haki ya kubisha? Nasema anayo, lakini haki hiyo ina bei. Lazima kwanza ausikilize mtihani. Alama ya chini inaweza kuwa kelele ya siku mbaya, na inaweza pia kuwa habari: hujui kemia ya kutosha, au Kiingereza kigumu cha saa saba kinakuchosha. Wenye MCAT wanamruhusu mtu kuifanya mara saba katika maisha yake yote. Anayekwenda mara ya tano kwa mbinu ileile ya mara ya kwanza hana ukakamavu, ana ukaidi, na methali zetu za kutokata tamaa hazitamlipia deni. Pili, aandike kwa nini amekuja, hata kama sababu moja ni kwamba kwingine walimkataa. Tatu, akubali kwamba kubisha si kufunguliwa. Shule ina haki ya kusema hapana, na hapana hiyo haimaanishi kwamba wazee anaowageuza usiku wamekosea kumwamini.

Dada alituma maombi kwa shule tisa, insha ikiwa na maneno yake mwenyewe. Ile sentensi kwamba zingine hazimtaki aliiacha ndani. Nilimshauri ailainishe kidogo. Alikataa, na sasa anasubiri.