Mwili si Cheti cha Tabia Njema

Kila anayetafuta kazi Kenya anakijua cheti cha tabia njema. Unalipa, unachukuliwa alama za vidole, unasubiri, kisha serikali inakuandikia kwamba huna rekodi ya uhalifu. Siku hizi nimegundua kuna cheti kingine, hiki ni cha bure na hata hukiombi. Wanaokitoa ni majirani, shangazi, makanga, na watu mliosoma nao. Wanakusoma mwili. Ukipungua kilo, wanasema una nidhamu. Ukiongeza, wananyamaza ule unyamavu ambao unausikia vizuri kabisa: huyu amejiachilia.

Nimepunguza kilo 15 katika miezi 14. Nilikuwa 88, sasa niko 73. Hongera nilizopata zimeshinda zote nilizowahi kupata kwa jambo lingine lolote, hata zile makala nilizokesha nikiziandika. Na karibu kila hongera ilikuja na neno hilo hilo. "Wewe una nidhamu." "Mimi siwezi, sina nidhamu kama yako." Basi nikaanza kujiuliza swali ambalo halijaniacha: ni kweli? Mtu akikonda, amethibitisha kwamba ana tabia njema? Na yule ambaye hajakonda, amethibitisha nini?

Jambo la kwanza linalonitia shaka ni kwamba cheti hiki kinasomwa kinyume ukienda mwendo wa saa nne tu kutoka mjini. Kwa shosho yangu, kijana akienda Nairobi akarudi amenenepa, ina maana mji umempokea. Kitambi kilikuwa dalili ya mshahara. Kukonda kulikuwa na maana mbili, njaa au ugonjwa, na katika miaka ya themanini na tisini maana hiyo ya pili iliogopesha watu sana. Waganda waliuita UKIMWI silimu, kutokana na neno la Kiingereza la wembamba. Kwa hivyo shosho akiniona sasa anauliza, "Kwani huko hamli?" Wenzangu wa rika wakiniona wanasema, "Eh, umeiva!" Mwili ni huo huo mmoja.

Kilichobadilika kati ya shosho na sisi ni bei. Zamani kunenepa kulihitaji pesa. Leo mtaani kwangu kitu rahisi kupata saa tatu usiku ni chipsi ya mia, smokie, chapo na soda. Kile ambacho ni ghali ni muda wa kupika, nafasi ya kupikia, na barabara salama ya kutembea jioni. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2014 ulionyesha kwamba asilimia 33 ya wanawake Wakenya wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Thuluthi moja ya dada zetu. Hatuwezi kusema kwamba hao wote waliamka asubuhi moja wakakuta nidhamu imehama nchi.

Lakini tulichukue hilo neno nidhamu kwa uzito wake, kwa sababu si neno baya. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, anatenganisha watu wawili ambao kwa macho wanafanana. Mmoja anaitamani sana sahani iliyo mbele yake lakini anajizuia. Mwingine hateseki, kwa sababu anatamani kinachomfaa, kwa kiasi kinachomfaa. Sisi tungempigia makofi yule wa kwanza, maana tumeona jasho lake. Aristotle anamweka wa pili juu zaidi. Kwake, vita vya ndani ni dalili kwamba tabia bado haijakomaa.

Katika kitabu hicho hicho anatoa mfano wa chakula. Ikiwa mina 10 za chakula ni nyingi na 2 ni chache, mkufunzi hawezi tu kuchukua katikati akampa kila mtu 6. Kwa Milo, yule mwanamieleka mashuhuri, 6 huenda zikawa chache. Kwa anayeanza mazoezi leo, huenda zikawa nyingi. Kipimo kinafuata mtu. Ukishaelewa hapo, zile changamoto za siku 30 zinazosambazwa mitandaoni, karatasi moja ya chakula kwa watu elfu hamsini, zinaanza kuonekana jinsi zilivyo.

Tena kuna jambo ambalo wahubiri wa "ni akili tu" hawalisemi. Akili inakaa ndani ya mwili, na mwili wenye njaa huibadilisha. Mwishoni mwa 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, mtafiti Ancel Keys alianza kuwachunguza vijana 36 wenye afya nzuri. Walikuwa wamekataa kwenda vitani kwa sababu za dhamiri, wakajitolea kushinda njaa ili wanasayansi wajifunze jinsi ya kuwasaidia waliokuwa wakifa njaa Ulaya. Kwa miezi sita walipewa takriban kalori 1,570 kwa siku, na walitakiwa kutembea kama kilomita 35 kwa wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Watu hawa walikuwa na msimamo wa kukataa bunduki wakati taifa zima linaitaka, kwa hivyo sidhani kuna anayeweza kuwaambia hawakuwa na nidhamu. Hata hivyo wakaanza kuota chakula, kukusanya vitabu vya mapishi, kulamba sahani. Walikuwa wakali na wenye huzuni. Sasa kumbuka kwamba dayati nyingi za mitandaoni zinakupa kalori 1,200, kisha ukishindwa unaambiwa tatizo ni mtazamo wako.

Mfano wa pili ni wa juzi tu. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha Wegovy, sindano ya kupunguza uzito inayoiga homoni ambayo utumbo hutoa baada ya kula. Katika jaribio kubwa la dawa hiyo, watu walipungua kwa wastani asilimia 15 hivi ya uzito wao ndani ya wiki 68. Mwaka mmoja baada ya kuacha sindano, theluthi mbili ya kilo walizopunguza zilikuwa zimerudi. Kuna wanaosema hiyo ni kuiba mtihani. Mimi naiona tofauti. Kama unene ungekuwa upungufu wa tabia, sindano ingewezaje kuutibu? Wale watu hawakupata tabia mpya Jumanne walipodungwa, na hawakuipoteza sindano ilipoisha. Kilichopanda na kushuka kilikuwa sauti ya njaa. Inawezekana kwamba wengi tunaowasifu kwa nidhamu ni watu ambao sauti hiyo kwao ni ya chini tangu kuzaliwa.

Basi mimi je? Nitakuambia kilichonisaidia, na uamue mwenyewe ni ngapi kati ya hayo ni tabia.

Nilipata kazi ya kuandika inayolipa kila mwezi, tarehe inayojulikana. Kwa mfanyakazi huru hilo ni kama mvua Turkana. Nikahama chumba ambacho jiko lilikuwa chini ya kitanda, nikaenda mahali penye meza ya kupikia. Nikanunua mtungi wa gesi wa kilo 6. Karibu na geti kuna mama mboga ambaye hukata sukuma wiki hapo hapo ukisubiri, na jirani yake huuza maharagwe na githeri iliyochemshwa kwa makaa. Hiyo peke yake ni nusu ya hadithi. Kuchemsha maharagwe makavu ni saa mbili, tatu za gesi. Yule mama ananipunguzia hizo saa kwa shilingi chache, na hakuna hata mmoja anayempa hongera kwa kilo zangu.

Kisha ndipo akili inapoingia, na inaingia kweli, siwezi kuikana. Niliacha kuuliza "nisile nini?" nikaanza kuuliza "kesho saa saba nitakula nini?" Swali la kwanza linakuacha na njaa na hasira. Swali la pili linakuacha na githeri kwenye kikopo. Nikaanza kula asubuhi, ili jioni nisifike kibandani nikiwa mnyama. Nusu ya sahani mboga, robo ugali, robo maharagwe au yai au omena. Chai ilishuka kutoka vijiko vitatu vya sukari hadi kimoja. Soda nikaihamishia sherehe, kwa sababu chupa ya nusu lita ina takriban gramu 50 za sukari, na Shirika la Afya Duniani tangu 2015 linashauri kwamba ni vizuri mtu mzima asipite gramu 25 hivi za sukari ya kuongezwa kwa siku. Chapati sikuipiga marufuku. Chapati ni Jumapili, na Jumapili hufika kila wiki.

Lakini badiliko kubwa lilikuwa la lugha. Kuna maneno ya kanisani tumeyaleta mezani: nimeanguka, nimejaribiwa, leo nimetenda dhambi, Jumatatu nitaanza upya. Niliyaacha. Siku niliyokula chapo nne ikawa siku ya chapo nne, kisha ikafuata siku nyingine. Ukiita mlo dhambi, utatafuta adhabu, na ukijiadhibu kwa njaa tumeshaona Minnesota inakupeleka wapi. Niliposema tu "leo nilikula hivi, kesho nitakula vile", nilianza kuutunza mwili wangu jinsi ninavyoweza kumtunza mtoto wa mtu mwingine: ale, alale, atembee, asitukanwe.

Sasa nieleze kwa nini hongera zinanikaa vibaya.

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Karo haikulipika. Mzee alikuwa amepoteza kazi, na mkopo haukutosha. Wakati huo kuna jamaa, mtu anayenipenda, aliniambia, "Ungejikaza." Mwaka huu jamaa huyo huyo ameniona kwenye harusi, akanishika bega, akasema, "Unaona? Ukiamua jambo unaliweza. Una nidhamu." Mimi ni mtu yule yule. Nilijikaza chuoni kuliko nilivyowahi kujikaza jikoni. Nilisoma nikiwa na njaa, nikaandikia watu kazi usiku ili nilipe kodi ya nyumba. Tofauti ni kwamba mara ya kwanza chini ya miguu yangu hakukuwa na kitu, na mara ya pili kulikuwa na mshahara, meza na mama mboga. Nikiipokea ile hongera ya kilo 15, nitakuwa pia nimetia sahihi ile lawama ya chuo. Na si yangu peke yangu. Nitakuwa nimetia sahihi lawama ya rafiki yangu anayefanya zamu ya usiku, anayekula saa nane za usiku kile kibanda kilicho wazi kinachouza. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na nimegundua kwamba aliyekonda naye humsahau haraka aliyenenepa.

Najua utaniuliza, kwa hivyo hakuna anayewajibika? Tule tu, tulaumu serikali na homoni? Hapana. Hapa ndipo nadhani tunachanganya vitu viwili, jukumu na hatia. Mtoto akizaliwa nyumbani, hajakosea mtu, lakini ni jukumu la nyumba nzima. Mwili wangu uko hivyo kwangu. Sikuchagua njaa yake, sikuchagua kibanda kilicho kona, sikuchagua bei ya gesi. Bado ni mimi ninayekaa ndani yake, na kila siku kuna kitu kidogo ambacho naweza kukifanya kwa ajili yake. Siku nyingine kitu hicho ni kikubwa, siku nyingine ni glasi ya maji tu. Naweza kulibeba jukumu hilo bila kusimama kizimbani. Na kwa uzoefu wangu, kulibeba kulikuwa rahisi zaidi siku niliyotoka kizimbani.

Jukumu pia lina kitu ambacho hatia haina: linaweza kugawanywa. Hatia yangu huwezi kunisaidia kuibeba. Lakini mtaa unaweza kuwa na njia ya kutembelea yenye taa. Kazi inaweza kukupa saa ya chakula iliyo saa kweli. Mwenzako wa nyumba anaweza kuchemsha maharagwe ya siku tatu kesho, nawe zamu yako ikifika ukachemsha. Mama mboga anaweza kuachwa na askari wa kaunti auze kwa amani.

Kwa hivyo siku hizi mtu akiniambia nimekonda, nasema asante, kisha namwambia mahali maharagwe yaliyochemshwa yanapouzwa na bei ya kikombe kimoja. Wengine wanacheka. Wawili wameenda. Mmoja wao hajapungua hata kilo moja, lakini ananiambia sasa anakula saa saba kila siku, analala vizuri, na ameacha kujitukana kwenye kioo. Kama ni lazima hongera itolewe kwa mtu fulani katika hadithi hii, mimi ningempa yeye.