Kodi ya Siku Ambazo Hazijafika

Mtu anayepanga chumba hanunui chumba. Kuta, mabati na mlango hubaki mali ya mwenyewe, na siku mpangaji akihama hakuna kinachopungua ila rangi. Basi mwenye nyumba ameuza nini? Swali hili limewashughulisha wanazuoni wa dini kwa karne nyingi, na jibu lake ndilo linaloamua kama kodi ya nyumba ni biashara halali au ni ulaji wa jasho la mwingine.

Thomas Aquinas, mtawa wa Kidominiko wa karne ya 13, alilikuta swali hilo alipokuwa akijadili riba. Viko vitu ambavyo kuvitumia ndiko kuvimaliza: ngano huliwa, divai hunywewa. Anayeuza divai, kisha akadai malipo mengine kwa sababu imenywewa, ameuza kitu kimoja mara mbili. Fedha aliiweka katika fungu hilo. Nyumba haimo, kwa kuwa mtu hukaa ndani yake mwaka mzima na bado ipo. Kukaa kwaweza kutengwa na kumiliki, na kwaweza kuuzwa peke yake. Kwa hoja hiyo riba aliikataa, kodi ya nyumba akaikubali.

Fiqhi ya Kiislamu ilikuwa imekwisha kufika huko kabla yake, kwa njia yake yenyewe. Ijara ni mkataba wa kuuza manufaa, na manufaa ya nyumba ni makazi. Hapo ndipo ugumu unapoanza. Gunia la mchele lipo mbele ya macho wakati wa kupatana bei, lakini makazi ya mwezi ujao hayapo popote. Yatazaliwa siku moja moja. Mwenye nyumba anauza asichokuwa nacho mkononi, na sheria hiyohiyo kwa kawaida inakataza kuuza kisichokuwepo. Ijara ikaruhusiwa kwa maandiko na kwa sababu watu hawawezi kuishi bila hiyo. Hata Nabii Musa, kwa simulizi ya Sura ya Al-Qasas, aliajiriwa kwa kupatana miaka minane ya kazi ambayo bado haijafanywa.

Jiji la Tanga ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa sababu maisha yake ni nafuu. Mji uliokuzwa na bandari, mkonge na reli iliyoanza kujengwa mwaka 1893 ulipoteza viwanda vingi, na kodi zake hazikukimbia kama za Dar es Salaam. Katika maeneo ya Ngamiani na Makorora wapangaji wengi wanaishi katika nyumba za Kiswahili: korido katikati, vyumba pande mbili, choo na bafu uani, na mara nyingi mita moja ya umeme ya LUKU inayochangiwa na nyumba nzima (na kugombaniwa na nyumba nzima). Kodi ya mwezi mmoja mchuuzi wa samaki anaimudu. Kinachomshinda ni siku ya kuingia. Mwenye nyumba hutaka ya miezi mitatu, mara nyingi sita, wengine mwaka, na dalali naye anangoja ya mwezi mmoja. Unafuu wa mji unaishia hapo mlangoni.

Tanzania iliwahi kuwa na sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi na kumlinda mpangaji asifukuzwe ovyo. Ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo karibu kila kitu kimeachwa kwenye mapatano ya watu wawili, mmoja akiwa na ufunguo na mwenzake amesimama nje na godoro.

Je, kudai malipo ya siku ambazo hazijafika ni dhuluma? Madhehebu ya fiqhi yanatofautiana kidogo, na tofauti yenyewe inafundisha. Kwa Wahanafi, mkataba peke yake haumpi mwenye nyumba umiliki wa kodi. Anaistahili kadiri makazi yanavyopatikana, isipokuwa wamewekeana sharti la kutanguliza au mpangaji ametanguliza mwenyewe. Kwa Mashafi, ambao ndio wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, kodi huwa yake kwa mkataba tu. Lakini umiliki huo haujatulia. Hutulia kipande kwa kipande, kila siku inayopita na sehemu yake. Nyumba ikianguka mwezi wa pili, mkataba wa miezi iliyobaki unavunjika na fedha yake inarudi. Kwa hiyo mila ya kutanguliza si haramu kwa upande wowote. Kosa liko katika kauli inayosikika sana paa linapovuja au mpangaji anapofukuzwa kabla ya muda: kwamba fedha imeshatumika. Fedha ya miezi ijayo, ingawa imo mfukoni mwa mwenye nyumba, imebeba sharti ambalo matumizi hayalifuti.

Mwenye nyumba ana hoja zake, na si haba. Wengi si matajiri. Ni wajane, wastaafu, watu waliojenga chumba kimoja kila mwaka bila mkopo wa benki, na kodi ya miezi sita ndiyo bati na saruji ya chumba kinachofuata. Pia wamewahi kuhamwa usiku na wadaiwa. Kutanguliza kunawaondolea hofu hiyo. Hata hivyo hofu haijatoweka. Imehamia kwa mpangaji, ambaye sasa ndiye anayemkopesha mwenye nyumba, bila hati na mara nyingi bila risiti.

Liko swali jingine chini ya hili: ardhi yenyewe ni ya nani? Mambo ya Walawi, sura ya 25, yanawahesabu hata wenye mashamba kuwa wageni na wapitaji mbele ya Mungu. Julius Nyerere, katika andiko lake la 1958 juu ya mali ya taifa, alishikilia kwamba ardhi haikutengenezwa na mtu, kwa hiyo mtu anastahili matunda ya kazi aliyoifanya juu yake, si ardhi yenyewe. Azimio la Arusha la 1967 likawakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha, na mwaka 1971 serikali ikatwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Hoja ilikuwa nzito kuliko matokeo yake: aliyekuwa mpangaji wa mtu akawa mpangaji wa serikali, kupitia Msajili wa Majumba, na kodi ikabaki kodi. Azimio la Zanzibar la 1991 lililegeza katazo la viongozi. Ardhi imebaki ya umma, na mwenye hati anaishikilia kwa muda usiozidi miaka 99, akiilipia kodi serikalini. Naye ni mpangaji, ila mkataba wake ni mrefu.

Hoja ya Nyerere bado inasaidia kupima bei. Chumba kinachopanda kodi kwa sababu kimewekewa dari kina kazi ya mwenyewe ndani yake. Kinachopanda kwa sababu barabara ya mtaa imewekwa lami, hicho kimepandishwa na walipa ushuru wote, mpangaji akiwemo.

Linabaki suala la kifo. Kwa Mashafi, mwenye nyumba akifa mkataba hauvunjiki. Warithi wanaipokea nyumba pamoja na mpangaji aliyemo, hadi muda aliolipia uishe. Kwa Wahanafi unavunjika, na kodi ya miezi iliyobaki inakuwa deni la marehemu, linalolipwa kabla ya warithi kugawana chochote.