Kusadiki na Kufikiri: Hoja Kutoka Milima ya Usambara

Wapo wasomaji wasioweza kufungua riwaya ya sayari ngeni, ya wafu wafufukao au ya nchi zisizo na ramani bila ya kuuliza: haya yametokea wapi? Wakiambiwa hayakutokea popote, huifunga. Kwao, mtu mzima kukaa na uongo wa kurasa mia mbili ni kupoteza umri. Wengine huwajibu kwamba riwaya ni burudani tu, na burudani haidaiwi ushahidi. Jawabu hili silipendi kuliko hata lile shutuma. Huitetea riwaya kwa kuivua thamani yake.

Mjadala huu niliusikia Lushoto, kule ambako baridi ya jioni huwakutanisha watu penye chai. Kijana mmoja alikuwa akiisifu Walenisi ya Katama Mkangi. Mzee aliyeketi naye akamwambia: "Mwanangu, sisi tunaye Mbegha. Hiyo ndiyo habari ya kweli. Sayari ya nini?" Kijana akanyamaza kwa adabu, nasi tukahamia kwenye bei ya viazi.

Lakini hebu tumtazame huyo Mbegha. Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy aliyaandika masimulizi yake kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, kitabu tukijuacho zaidi kwa chapa ya J. W. T. Allen ya mwaka 1962. Mbegha ni kigego, aliyeota meno ya juu kwanza, na kwa hiyo ndugu zake wakamwona ni nuksi na kumnyima urithi. Anakimbia na mbwa wake, anawinda nguruwe mwitu, anapanda Usambara na kuwagawia watu nyama. Usiku mmoja anaua simba, na watu wa Vuga wanamfanya mfalme. Mtoto wa nuksi, mwindaji wa msituni, usiku wa simba: mpenzi wa riwaya za ajabu angekosa nini humo?

Tofauti, basi, haimo katika maajabu. Imo katika kile ambacho masimulizi yanamdai msikilizaji. Habari ya Mbegha ilidai kusadikiwa, na aliyeisadiki alikubali pamoja nayo kwamba kizazi cha Mbegha kina haki ya kutawala. Haki hiyo ililipwa kwa damu. Alipofariki Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, wana wa nyumba ya kifalme walipigana wao kwa wao, na raia wakakamatwa na kuuzwa utumwani. Wabondei, wakaao kwenye vilima vya kuelekea pwani, waliwaasi Wakilindi mwishoni mwa miaka hiyo ya 1860. Hawakungoja kuthibitishiwa kama simba aliuawa kweli.

Sasa mgeukieni Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga, karani wa serikali ya kikoloni. Mwaka 1951 alitupa Kusadikika, nchi iliyo hewani, isiyogusa ardhi. Karama anashitakiwa humo kwa kutaka watu wafundishwe sheria, na utetezi wake ni kuhadithia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, mbinguni na ardhini, wakarudi na mema, wakatupwa kifungoni. Kitabu kingine, kilichochapwa mwaka 1967 baada ya kufa kwake, kinaitwa Kufikirika. Nadhani majina haya mawili yana falsafa kuliko sura nyingi za vitabu vyenyewe. Nchi ambayo watu husadiki tu ndiyo inayofunga wajumbe.

Riwaya inayokiri tangu ukurasa wa kwanza kwamba nchi yake haipo haina cha kutudai isipokuwa kufikiri. Haiwezi kumpa mtu yeyote kiti. Kwa maana hiyo ni ya kweli zaidi kuliko habari nyingi ziapiwazo.

Hata hivyo, yule mzee tusimshinde upesi. Wasambaa walikuwa na kipimo chao cha watawala: yupo mwenye kuiponya nchi, kuzifya shi, na yupo mwenye kuidhuru, kubana shi. Mbegha aliyegawa nyama alibaki mizani ya kuwapimia wajukuu wake walionyang'anya. Kwa hiyo hata habari ya kusadikiwa yaweza kufikiriwa, ikiwapata wasikilizaji. Na riwaya ya sayari nayo yaweza kusomwa na dhalimu kitandani, akacheka, akalala usingizi mzuri, kwa kuwa nchi ile siyo yake. Hilo ndilo shaka langu kubwa juu ya fasihi hii niipendayo: humwachia msomaji kazi ya mwisho, na msomaji ana hiari ya kuikataa.

Mkangi aliijua hatari hiyo. Mwaka 1986 aliwekwa kizuizini nchini Kenya bila ya kufunguliwa mashitaka. Mwaka 1995 ikatoka Walenisi: Dzombo, aliyehukumiwa kufa, anatiwa ndani ya chombo na kurushwa angani, na badala ya kufa anafika kwenye sayari ya watu waishio kwa usawa. Jina la sayari hiyo likitamkwa polepole ni maneno matatu, wale ni sisi. Mwandishi ameyabana yakawa neno moja. Kuyatenganisha tumeachiwa sisi, na mlinzi wa gereza pia amepewa nakala.