Nyumba ya Wazee Hupimwa kwa Kipimo Gani?

Mji wa Lubumbashi, ulioanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, ulijengwa na mikono ya watu waliotoka mbali. Kampuni ya Union Minière iliwaleta vijana kutoka Kasai, Maniema, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo huitwa Zambia. Iliwapa nyumba, posho, matibabu na shule za watoto, hata watu wakazoea kusema kwamba kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama. Lakini baba huyo na mama huyo nao walizeeka. Gécamines, iliyorithi migodi hiyo baada ya serikali kuitwaa mwaka 1967, ilidhoofika sana katika miaka ya 1990. Mishahara ilikawia miezi mingi, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Aliyekuwa na miaka 50 wakati ule, sasa amepita 70.

Basi, ni nani atakayemtunza? Desturi hujibu upesi: watoto wake. Jibu hilo ni jema, na Amri ya Nne hulithibitisha. Walakini watoto wengine wamekufa kabla ya wazazi wao. Wengine wako Kolwezi, Johannesburg au Bruxelles. Wengine hawana hata chakula chao wenyewe. Wako pia wazee waliosingiziwa uchawi na kufukuzwa na jamaa zao. Kwa watu kama hao nyumba ya wazee si aibu ya ukoo, bali ni kimbilio. Aibu ni jambo jingine: kumpeleka mzee mahali pasipopimwa, kisha kutorudi kutazama.

Na uwekwe mbele ya macho mfano huu, ambao waweza kutokea katika mji wowote. Binti mmoja wa Katuba ana mama aliyepooza upande mmoja wa mwili. Mume wa binti amekufa. Kila alfajiri huenda sokoni kuuza, na mama hubaki peke yake hata jioni. Anaambiwa kwamba ziko nyumba mbili za wazee. Ya kwanza ina bustani, ukuta mpya na sakafu ing'aayo. Ya pili ni ya kale, na rangi yake imebanduka. Ampeleke mama wapi? Akikosea, atakayeumia si yeye, bali ni mtu asiyeweza kujitetea. Ndiyo maana swali hili si la macho tu, ni swali la dhamiri.

1. Macho huona nyumba, hayaoni matunzo

Mwaka 1966 daktari mmoja aliyezaliwa Beirut, Avedis Donabedian, aliandika huko Marekani makala iliyopata kuwa mashuhuri juu ya namna ya kupima ubora wa matibabu. Alifundisha kwamba yapo mambo matatu ya kutazama. La kwanza ni vitu na watu waliopo, yaani majengo, vyombo na hesabu ya wahudumu. La pili ni kazi yenyewe, jinsi itendwavyo. La tatu ni matokeo yake kwa mgonjwa.

Mgeni apitaye nusu saa katika nyumba ya wazee huona lile la kwanza tu. Huona vitanda, wala haoni kama mzee aliyepooza hugeuzwa usiku. Huona jiko, wala haoni kama asiyeweza kushika kijiko hulishwa hata ashibe, au kama sahani yake huondolewa ikiwa bado imejaa.

Mambo yaliyotokea Ufaransa yathibitisha hayo. Mwezi wa Januari 2022 mwandishi Victor Castanet alitoa kitabu kiitwacho Les Fossoyeurs, juu ya nyumba za wazee za kampuni ya Orpea. Katika nyumba moja huko Neuilly-sur-Seine, karibu na Paris, chumba kililipiwa zaidi ya Euro 6,000 kwa mwezi. Hata hivyo kitabu kilieleza jinsi chakula, na hata nepi za wazee wasioweza kujizuia, vilivyotolewa kwa ubahili ili faida iongezeke. Wakaguzi wa serikali waliotumwa baadaye walikuta kasoro kubwa katika kampuni hiyo. Basi uzuri wa jengo si ushuhuda wa matunzo, wala wingi wa fedha si ushuhuda. Na ni haki kuongeza kwamba hata jina takatifu lililoandikwa juu ya mlango peke yake halitoshi.

2. Karatasi nazo zaweza kudanganya

Mtu aweza kusema: "Kama macho hayatoshi, zisomwe ripoti na hesabu." Ni shauri jema, kwa kuwa nyumba isiyoandika lolote haiwezi kujisahihisha. Lakini karatasi nazo zina mipaka yake.

Huko Uingereza, shirika lililosimamia hospitali ya Stafford lilipandishwa cheo mwaka 2008, kwa kuwa lilionekana linaendeshwa vema. Wakati huohuo wagonjwa, wengi wao wazee, walikuwa wakiachwa katika mashuka machafu, na maji ya kunywa yakiwekwa mahali mkono wao usipofika. Uchunguzi ulioongozwa na mwanasheria Robert Francis ulitoa ripoti mwaka 2013, yenye mapendekezo 290. Ulionyesha kwamba wakubwa walishughulika mno na fedha na kutimiza hesabu walizowekewa, na kwamba wafanyakazi waliojaribu kusema hawakusikilizwa, na wengine waliogopa kusema.

Je, wauguzi wale walikuwa watu waovu tangu mwanzo? Si rahisi kuamini hivyo. Aliyeichagua kazi ya kuwatunza wagonjwa hakuichagua kwa kuchukia watu. Uovu uliingia polepole, kwa mlango wa mazoea. Siku ya kwanza mtu husikia mzee akiita, na moyo humchoma kwa kuwa hana nafasi ya kwenda. Siku ya mia husikia, wala moyo haumchomi tena. Hakuna amri iliyotolewa kwamba wazee wateswe. Ilitosha kila mmoja kumwona mwenzake akipita bila kusimama, naye akapita.

3. Mhudumu hutoa alichopewa

Hapa ndipo jambo kubwa linapoonekana. Matunzo ya mzee hayawezi kutengwa na jinsi wafanyakazi wa nyumba ile wanavyoishi wao kwa wao, na jinsi wanavyotendewa na mkuu wao.

Kwanza, iko haki ya hesabu. Wauguzi hufundishwa kwamba mtu asiyeweza kujigeuza kitandani yafaa ageuzwe kila baada ya saa 2 hivi, ili damu ipite na ngozi isife na kuwa kidonda. Kumgeuza, kumfuta, kumnyoshea shuka na kumnywesha maji kwaweza kuchukua dakika 10. Basi mhudumu mmoja akiachiwa usiku wazee 20 wa namna hiyo, atahitaji dakika 200, naye ana dakika 120 tu. Hata akiwa na moyo wa mtakatifu, wazee 8 watabaki bila kuguswa. Asubuhi vidonda vitakapoonekana, mkuu atamkemea mhudumu. Lakini mbele ya haki, sehemu kubwa ya kosa ni ya yule aliyempa mtu mmoja kazi ya watu wawili, kisha akaiita uvivu.

Pili, iko haki ya heshima. Mhudumu anayetukanwa mbele ya wenzake, asiyelipwa mshahara wake kwa miezi, asiyeulizwa kamwe maoni yake, hujifunza somo moja: kwamba katika nyumba hii mnyonge hana thamani. Na mnyonge aliye chini yake ni nani? Ni mzee. Watu wa Lubumbashi walioonja miaka ya kufanya kazi bila mshahara hawahitaji kufundishwa jinsi dharau ya juu inavyoteremka hata nyumbani, mpaka kwa mtoto na kwa bibi.

Tatu, iko haki ya kusema kweli. Mzee ameanguka usiku. Katika nyumba moja mhudumu humwita mkuu mara moja, jamaa huarifiwa, na wote hutafuta sababu: labda sakafu ilikuwa na maji, labda taa ilizimika. Katika nyumba nyingine mhudumu humrudisha mzee kitandani na kunyamaza, kwa kuwa anajua atafukuzwa. Nyumba ya kwanza itakuwa na maanguko mengi yaliyoandikwa. Ya pili itakuwa na daftari safi. Asiyefahamu ataisifu ya pili.

Walakini sababu ya kosa si ruhusa ya kosa. Mshahara uliokawia haumpi mtu haki ya kumpiga mzee, wala ya kumfunga kwenye kiti ili akae kimya, wala ya kumpa dawa ya usingizi asiyoihitaji. Mhudumu aliyeonewa bado ana dhamiri yake. Lakini atakayeijenga nyumba yake juu ya tumaini kwamba wahudumu wake wote watakuwa mashujaa kila usiku, huyo hajajenga kitu.

4. Huruma yataka kanuni

Wengine hudhani kwamba upendo na kanuni ni maadui wawili. Mtakatifu Benedikto, aliyeandika Kanuni yake katika karne ya 6, hakudhani hivyo. Katika sura ya 37 alitambua kwamba tabia ya mwanadamu yenyewe humwelekeza kuwahurumia wazee na watoto. Hata hivyo aliona yafaa mamlaka ya Kanuni nayo iwalinde. Wamonaki wafuatao Kanuni hiyo, kutoka abasia ya Mtakatifu Andrea ya Bruges, waliingia Katanga mwaka 1910, mwaka uleule wa kuanzishwa kwa mji. Fundisho ni hili: huruma huchoka saa tisa za usiku, lakini kanuni haichoki, tena kanuni haina mikono, lakini huruma inayo.

Sheria ya nchi nayo husema jambo la namna hiyo. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 49, huwapa wazee haki ya ulinzi wa pekee, kwa mahitaji ya mwili, ya akili na ya maadili.

Lakini kanuni nzuri zaidi huanza kwa mtu mmoja aliyeinama. Mwaka 1839, huko Saint-Servan, Ufaransa, Jeanne Jugan, mwanamke maskini aliyekuwa mtumishi, alimpokea bibi kizee kipofu na kumpa kitanda chake mwenyewe. Kutoka kitanda hicho kimoja likazaliwa shirika la Masista Wadogo wa Maskini, ambalo lina nyumba ya wazee hata Kasarani, Nairobi. Jeanne Jugan aliandikwa katika hesabu ya watakatifu mwaka 2009. Alianza kwa kutoa alicho nacho, wala hakungoja jengo. Naye Donabedian, aliyetumia maisha yake kupima matibabu kwa hesabu, alisema karibu na kufa kwake kwamba mwisho wa yote siri ya ubora ni upendo. Hakuwa akizikana hesabu zake, bali alizipa msingi.

5. Kipimo chenyewe

Basi binti wa Katuba afanyeje? Asiridhike na kuonyeshwa bustani. Aende jioni, saa ambayo wageni wameondoka. Amwombe mkuu ruhusa ya kuketi karibu na mzee asiye na jamaa, asiyetembelewa na mtu yeyote. Atazame: je, kikombe cha maji kiko mahali mkono wake unapofika? Kucha zake zimekatwa? Mgongo wake una vidonda? Wahudumu humwita kwa jina lake, au humwita kwa ugonjwa wake? Kisha asikilize jinsi wahudumu wanavyosemeshana wao kwa wao, na jinsi mkuu anavyowasemesha. Aulize: ni wangapi hukesha usiku, na wamedumu hapa miaka mingapi?

Kwa nini amtazame mzee asiye na jamaa, na si yule ambaye watoto wake huja kila Jumapili na zawadi? Kwa sababu kila mzee, hata mwenye watoto kumi, huwa hana jamaa saa nane za usiku. Saa ile mama wa binti huyu atakuwa sawa na yule aliyesahauliwa na wote. Matunzo anayopewa mzee asiye na mtetezi ndiyo matunzo halisi ya nyumba. Yaliyozidi hapo ni adabu kwa wageni.

Huenda, baada ya kutazama hivyo, akaichagua nyumba ya kale yenye rangi iliyobanduka. Huenda akaziacha zote mbili, akatafuta jirani wa kukaa na mama mchana. Lakini akimpeleka, kazi yake haijaisha. Na arudi, tena bila kutangaza siku. Awashukuru wahudumu kwa jina, kwa kuwa anayeshukuriwa hukumbuka kwamba yeye ni mtu. Na akipita kitanda cha jirani wa mama, asimame. Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Nyumba njema ya wazee nayo imeundwa, na misumari yake ni hayo madogo yafanywayo pasipo shahidi.

Maswali ya kutafakari

1. Je, msomaji amjua mzee mmoja katika mtaa wake asiyetembelewa na mtu? Alimwona lini mara ya mwisho?

2. Mwenye kuwasimamia wengine kazini: je, amempa mtu mmoja kazi ya wawili, kisha akamlaumu?

3. Mwenye kuwahudumia wagonjwa au wazee: ni sauti gani ambayo zamani ilimchoma moyo, na sasa haimchomi tena?