Zamu ya Mjane

Mara nyingi nasikia wenye feza wakisema: «Maskini ni mvivu.» Mama yangu aliuza unga wa mihogo sokoni tangu alfajiri hata jioni. Mvivu hakuwa. Lakini feza inayopatikana kidogo kidogo huliwa siku ile ile, na feza ya masomo hutakiwa yote pamoja.

Miaka ile serikali haikuwalipa walimu ipasavyo, basi wazazi ndio waliowalipa. Asiyelipa, mtoto wake hurudishwa nyumbani. Nami nilirudishwa. Mama alikuwa katika likelemba ya wanawake kumi: kila juma wote hutoa sehemu, mmoja hupokea yote. Zamu yake ilikuwa ya tisa. Zamu ya tatu, ya juma lile, ilikuwa ya mjane aliyetaka kununua mabati. Akamwambia: «Chukua, mama. Mvua nimeizoea.» Nikarudi darasani, yeye akavujiwa majuma sita tena.

Katiba ya 2006 iliagiza masomo ya msingi ya serikali yawe bure, na Septemba 2019 agizo hilo lilianza kutimizwa. Madarasa yamejaa mno, ni kweli. Lakini mjane hatakiwi tena kuchagua kati ya paa lake na mtoto wa jirani.

Watu husema nilitoka katika umaskini kwa akili na bidii. Sikatai. Lakini darasani mwetu walikuwapo wawili walionishinda kwa hesabu. Walirudishwa siku ile ile, wala hawakuonekana tena.